Sikukuu Haiji Yenyewe, Inapikwa

Wadau, hebu niwaulize. Idd iliyopita, visheti vya nyumbani kwenu vilitoka jikoni au vilitoka dukani? Usijibu haraka, fikiria kwanza.

Nauliza kwa sababu juzi nimemaliza bando zima nikiangalia video za Latvia. Ndiyo, Latvia, ile nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki. Mimi niko Faza, nawatazama watu wa theluji wakijiandaa kwa Pasaka. Kilichonishika kwanza ni jina. Pasaka yao wanaiita Lieldienas, maana yake siku kubwa. Sasa sikukuu yetu ni nini kama si hiyo hiyo, siku iliyo kuu?

Halafu angalia kazi yenyewe. Maganda ya vitunguu, yale sisi tunatupa, wao wanayaweka akiba mapema. Siku ikikaribia wanaokota majani na nyasi, wanayabandika kwenye yai, wanalizungushia maganda, wanafunga kwa kitambaa na uzi, wanachemsha. Yai linatoka na rangi kama hina iliyokolea, na alama ya jani juu yake. Kisha wanagonganisha mayai wawili wawili. Lako lisipovunjika, utaishi miaka mingi. Ukila yai bila chumvi, utakuwa muongo. Na wanapanda pembea, eti ukipembea Pasaka mbu hawatakuuma kiangazi. Hapo nilicheka sana. Ingekuwa kweli, Faza tungekuwa hewani mwaka mzima.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Sasa watuletea Pasaka?" Tulia ndugu yangu. Sisemi tuchovye mayai rangi. Nasema tuwatazame mikono. Hawa watu walitawaliwa na Usovieti mpaka 1991. Dini ilibanwa, na Pasaka haikuwa hata siku ya mapumziko. Lakini kuna majumba mayai yaliendelea kuchemshwa na maganda ya vitunguu, maana serikali inaweza kufuta siku kwenye kalenda, ila kuingia kila sufuria ni kazi nyingine.

Sisi hatujafutiwa chochote. Idd ni siku ya mapumziko Kenya nzima. Lakini tunajifutia wenyewe, polepole, na simu mkononi. Tunapiga picha ya sinia, hatujui kilichomo kimetengenezwaje.

Nyumbani kwetu vileja vya Idd anavijua mtu mmoja tu, bibi yangu. Hana kipimo wala daftari. Unga wa mchele, samli, sukari, iliki, vyote kwa kiganja. Ukifumbata unga ukashikana, ukiugusa ukavunjika, samli imetosha. Hiyo ndiyo risipi yote, na iko kwenye vidole vya mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka.

Zamani mila ilikuwa na warithi, yaani mabinti wa nyumba. Leo dada zangu wako Mombasa, mmoja kazini, mmoja masomoni. Wanafika Faza mkesha wa Idd, tena kama boti imewahi maji kujaa. Wakishuka, vya kupikwa vimeshapikwa. Mimi niliyebaki, niliyeacha chuo karo iliposhindikana, ni mwanamume. Mwaka huu kumi la mwisho la Ramadhani nikaingia jikoni. Bibi akaniuliza, "Wewe mwanamume, wataka nini huku?" Nikamwambia, "Bibi, nataka kujua vileja." Akanitazama, akanisukumia kinu nitwange iliki.

Na hapa ndipo tutagombana, sawa tu. Mila ikiachiwa wasichana peke yao, basi msichana akipata shule au kazi mbali, tunamlaumu yeye kwamba mila inakufa. Huo si uadilifu. Mbona kula tunakula wote? Mwanamume anayepika biriani ya harusi kwenye sufuria kubwa anaitwa fundi na analipwa. Huyo huyo akikaanga visheti nyumbani kwao, anachekwa. Nani alitunga sheria hiyo?

Pia sizungumzii chakula pekee. Kuna hina, kuna udi, kuna nyumba kupigwa chokaa, kuna kupima mchele wa zaka ya fitri ili jirani naye aamke na chakula kabla ya sala. Mtoto aliyepima ule mchele kwa mkono wake anajua Idd ni nini. Aliyesubiri mkono wa Idd tu, anajua ni siku ya pesa.

Basi Idd inayokuja, kabla hujaulizia kanzu mpya au dera jipya, chagua kitu kimoja. Kimoja tu. Kaa karibu na anayekijua, weka simu kando, fanya kwa mikono yako mpaka akwambie kimetoka. Vileja vyangu vya kwanza vilitoka vigumu, bibi akavichovya kwenye chai akala vyote.

Nyumbani kwenu nani anajua? Na nani anajifunza?