Jina Liitwalo Mara Moja

Uyole, mahali ambapo barabara itokayo Iringa hugawanyika, moja ikashika njia ya Tunduma na nyingine ikaelekea Tukuyu na Kyela, malori hayalali. Kwa mbwa mchanga, barabara hiyo ni kifo. Kwa hiyo mkulima mmoja kijana wa viazi, alipopewa mtoto wa mbwa na mjomba wake akaaye Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, alipewa na sharti: "Mpwa wangu, kubweka atajifunza mwenyewe. Wewe mfundishe kurudi."

Somo lilianza uani. Kijana alichutama, akaita "Tomi!" mara moja, akanyamaza. Mbwa alipofika alipata kichwa cha dagaa, kisha akaachiwa aendelee na mchezo wake. Huko kuachiwa ndiko wengi hukusahau. Mbwa aitwaye kila mara ili afungwe mnyororo hutambua upesi kuwa kurudi ni mwisho wa furaha. Naye apigwaye kwa kuchelewa haelewi kuwa kosa lake ni kuchelewa. Huelewa kuwa kosa lake ni kufika.

Kutoka uani walihamia shambani, kwa kamba ndefu ya katani. Asipoitika, hakuitwa tena, maana jina likirudiwarudiwa hugeuka upepo. Kamba ilivutwa taratibu, naye akapongezwa kana kwamba amekuja kwa hiari yake.

Wasomaji wa visiwani, waliolelewa katika madhehebu ya Shafi, huenda wakajitenga na mbwa na mate yake. Hata hivyo madhehebu hayo humruhusu mbwa wa windo, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wake hawamhesabu mbwa wa windo kuwa amefunzwa mpaka aende atumwapo, akome akatazwapo, wala asile alichokikamata. Mahanafi nao, kwa namna ya kupendeza, waliweka kurudi aitwapo kuwa alama ya kipanga aliyefunzwa. Mbwa wao humtahini kwa kuacha kula.

Alipotimiza miezi 8 Tomi alijifanya kiziwi. Kijana hakumkimbiza, kwani katika mbio mbwa ndiye mshindi. Alimpa mgongo akaenda zake, na mbwa, kwa kuogopa kuachwa, akamfuata. Haukupita muda, asubuhi moja ya ukungu, Tomi akamfukuza kuku hadi ukingoni mwa lami. Jina likaitwa mara moja. Akageuka. Lori likapita.

Ikaja siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani husema kuwa ugonjwa huo hukatika mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, lakini mbwa asiyeshikika hachanjwi, na siku hiyo wenye mbwa wengi walikuwa wakikimbizana nao mitaroni. Tomi aliitwa, akaja, akadungwa. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kumletea maumivu, na kwa wiki nzima iliyofuata kijana hakuliita ila kwa dagaa.