Bunduki ya telefone inapokosa shabaha

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa hapa Idjwi siku hizi ni la Free Fire. "Kaka, mbona naweka darubini kabisa juu ya adui na risasi inapita pembeni?" Wanaouliza wengine ni wenyeji, wengine walivuka ziwa na wazazi wao mwaka 2025, Goma ilipoanguka Januari na Bukavu Februari.

Mimi pia nacheza, kwa hiyo nawajibu. Bunduki haina kosa. Ingia kwenye mipangilio, pale wanapopima wepesi wa kidole. Kila darubini ina kipimo chake: ya nukta nyekundu, ya mara 2, ya mara 4, na ya mdunguzi. Ukizipandisha zote hadi mwisho kwa sababu rafiki amekuambia, ile ya mara 4 itaruka ukigusa kidogo tu. Ishushe hiyo kwanza, ujaribu kwenye uwanja wa mazoezi. Pangusa kioo, maana kidole chenye mafuta ya sambaza kinateleza. Zima hali ya kuokoa batri, inaifanya telefone kuwa nzito. Najua inauma, kuchaji kwa sola ya jirani kunalipiwa.

Halafu mtandao. Tazama ile namba ndogo juu ya kioo. Ikipita 100, umechelewa: unampiga adui pale alipokuwa, naye ameshapita. Huku kisiwani mtandao ukiyumba, hakuna kipimo cha darubini kitakachokusaidia. Panda mlimani kidogo.

Lakini wazazi nao wana neno. Mama mmoja aliyekimbia, anayekaa kwa familia iliyompokea, alinieleza kwamba mtoto wake wa miaka minne anaingia chini ya kitanda kila kijana wa nyumba anapofyatua. Kijana naye akasema bila sauti hasikii hatua za adui nyuma yake. Ni kweli, katika mchezo huu sikio ni nusu ya shabaha. Hata hivyo, mimi niko upande wa mtoto.

Tulimtafutia vidude vya kuweka masikioni, vilivyokwisha kutumika. Cha kushoto kimekufa. Anacheza hivyo hivyo, adui wakimjia upande huo hawasikii, na bado ananiuliza ile ya mara 4 aiweke kwenye ngapi.