Kwa Nini Dada Huyu Aliikimbia Tiba ya OCD Wiki ya Tatu?

Kuna dada mmoja hapa Dar, mpambaji wa maharusi, kazi zake mmeshaziona sana Insta. Kwenye picha ni kucheka tu. Nje ya kamera ananawa mikono hadi ngozi inachanika, na mlango wa saluni anarudi kuukagua mara saba, nane, huku bajaji inamsubiri.

Wengine walisema ni usafi uliopitiliza. Wengine wakasema karogwa. Alipofika kwa mwanasaikolojia na kuambiwa ni OCD, alilia kwa furaha. Kumbe kitu chenyewe kina jina!

Wiki ya tatu akaacha tiba.

Watu wanadhani tiba ni kukaa kwenye kochi ubembelezwe. Hii sivyo. Ni njia iliyoanza na mwanasaikolojia Victor Meyer, London, mwaka 1966: unagusa kile unachokiogopa, halafu hunawi. Unashika kitasa cha choo cha stendi, unakaa na hofu yako mpaka ishuke yenyewe. Siku za mwanzo hofu inapanda kweli kweli, na asiyeandaliwa anaona kabisa anazidishiwa ugonjwa. Dawa nazo zinaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kabla hujaona tofauti.

Ongeza nauli, pesa ya kila kikao na wateja wa Jumamosi. Ongeza na mama mtu, ambaye kwa mapenzi tu alikuwa anamkagulia mlango: "Nimefunga mwanangu, lala." Nyumbani anapozwa, kliniki anachomwa. Nani hatachagua nyumbani?

Ila kuna kitu wengi hawakioni. Alipofuta namba ya mtaalamu alijisikia mwepesi kinoma. Ni wepesi uleule anaoupata akishanawa. Yaani kuacha tiba kulikuwa ni kunawa kwa mara nyingine tu, na wepesi wenyewe haukumaliza hata siku mbili.

Kwa hiyo kumwita mvivu ni kumuonea. Sasa hivi karudi, na safari hii kamwambia mtaalamu ukweli: "Naogopa, twende polepole." Wameanza na kitasa cha chumbani kwake. Mama naye kaitwa, anajifunza kutokukagua mlango.

Wadau, kuna mtu wako kaacha tiba njiani? Kabla hujamsema, muulize kwanza: ulichoogopa ni nini?