Posho, Kengele na Uzito wa Mtoto

Neno posho lina historia inayotufaa sana sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda. Katika Kiswahili sanifu, posho ni chakula au fedha apewayo mtu kwa matumizi yake ya siku kadha. Hapa kwetu neno hilo limekuwa jina la ugali wenyewe, kwa kuwa unga wa mahindi ndio waliokuwa wakipimiwa vibarua. Mwezi wa Aprili 2020 neno likarudi katika maana yake ya asili. Serikali ilianza kuwagawia wenye shida wa Kampala na Wakiso unga kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa kila mtu, maana amri za kuzuia ugonjwa wa Uviko-19 zilikuwa zimewakatia riziki ya kutwa.

Wakati huo shule zilikuwa zimekwisha fungwa, tangu tarehe 20 Machi. Baadhi ya madarasa yalirejea Oktoba mwaka huo, shule zikafungwa tena Juni 2021, na zote hazikufunguliwa hadi tarehe 10 Januari 2022. Mengi yamekwisha semwa juu ya masomo yaliyopotea, lakini machache juu ya sufuria ya shule. Ulimwenguni kote, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikadiria kwamba watoto milioni 370 walikosa chakula cha shuleni katika mwaka 2020.

Yafaa tukumbuke kwamba kengele ya shule haiwaiti watoto darasani tu. Huigawa siku yao: saa ya uji, saa ya posho na maharagwe, saa ya kukimbia uwanjani, na saa ambazo hakuna kula kabisa. Kengele ilipokoma, mpango huo ulivunjika, nao haukuvunjika kwa namna moja katika kila nyumba. Kwa maskini, chungu kiliinjikwa mara moja kwa siku. Wauzaji wa vyakula waliagizwa walale huko huko sokoni wasije wakapeleka maradhi nyumbani, hivyo mama aliyeuza ndizi hakuwapo kuwapakulia wanawe. Watoto wengine walitembeza mandazi na kabalagala ambazo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuzionja. Kwa wenye nafasi mambo yalikuwa kinyume: mtoto alishinda mbele ya televisheni, akitafuna biskuti na kunywa soda saa yoyote aliyopenda, bila mpira wala kamba ya kuruka.

Uzito wa mwili ulionyesha mambo hayo kwa tarakimu mahali ambapo watoto hupimwa shuleni kila mwaka, mathalani Uingereza. Huko, katika mwaka wa masomo 2019/20, watoto wa miaka minne na mitano wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 9.9, mwaka uliofuata wakawa asilimia 14.4. Wale wa miaka kumi na kumi na moja walipanda kutoka asilimia 21.0 hadi 25.5. Shule ziliporejea katika desturi yake, wadogo walishuka hadi asilimia 10.1, na wakubwa hadi 23.4 tu. Twaona basi kwamba mwili wa mtoto mdogo ulirudi upesi kuliko ule wa mkubwa.

Kufuli lilikuwa moja, bali liliwakondesha hawa na kuwanenepesha wale. Hapana shaka kwamba hatuwezi kusema watoto wa mwaka ule walikuwa walafi kuliko wenzao waliowatangulia, wala kwamba mama zao walizidi uvivu. Kilichobadilika ni saa, kipimo na wenzi wa kula nao.

Hapa lugha yetu yenyewe hutupotosha. Mtoto aliyenenepa husifiwa kuwa ana afya, na aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Hatuna budi kuwafundisha wanafunzi kwamba unene ni jambo moja na afya ni jambo jingine, ili mtoto mnene asifiche maradhi nyuma ya sifa, wala mwembamba asionewe haya.

Tena lipo jambo ambalo bado liko mikononi mwetu. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imewapa wazazi wajibu wa kuwalisha watoto wao, nasi hatuupingi wajibu huo. Lakini tumeziona shule ambamo mtoto asiyelipiwa mchango huondolewa katika foleni ya uji mbele ya wenzake, kisha hutakiwa alasiri ile ile kusoma ufahamu kwa sauti. Mzazi na adaiwe kwa barua au katika kikao. Mtoto asidaiwe kwa tumbo lake. Miaka miwili ile ilitufunza kwamba sufuria ya uji ni chombo cha kufundishia kama ubao na chaki, na mwalimu anayeigawa kwa ubaguzi amekwisha lifunga darasa lake kabla ya amri yoyote ya serikali.