Wale Ni Sisi

Wiki hii hapa Gashonga tuliacha kidogo habari za mgao wa chakula, tukaongea vitabu.

Ilianza hivi. Dada mmoja wa kikundi chetu anaandika hadithi ya mtumbwi unaoruka juu ya Ziwa Kivu, unabeba watu usiku mpaka ukifungwa. Alimwonyesha mgeni mmoja wa shirika. Mgeni akasoma, akasema: ni nzuri, lakini afadhali ungetuandikia namna ulivyokimbia. Dada akafunga daftari. Siku tatu hakuandika hata mstari mmoja.

Ndipo mwenzetu aliyesoma Kenya akatupa habari za Katama Mkangi. Huyu alikuwa mwalimu wa sosholojia, Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1975 alitoa riwaya ya Ukiwa, mwaka 1984 Mafuta. Mwaka 1986 serikali ikamfunga bila kumfikisha mahakamani. Baada ya kutoka angeweza kuandika ushuhuda wa jela tu, na watu wangemsikiliza. Lakini mwaka 1995 akatoa Walenisi. Humo Dzombo amehukumiwa kufa: anatiwa ndani ya chombo cha angani ili apotelee huko. Yeye anajifunza kukiendesha, anafika nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande unapata: wale ni sisi. Mkangi alifariki 2004, kwa ajali ya barabarani.

Riwaya tatu tu, lakini zilitugusa. Mtu huyu kuchunguza maisha ya watu ndiyo ilikuwa kazi yake, na mateso aliyaona kwa macho yake. Bado aliona lazima abuni mahali ambapo hapajakuwepo.

Sisi huku tumezoea kuitwa "wale". Wale wa Kongo, wale wa shitingi, wale wa mgao. Ushuhuda tutaendelea kutoa, tunajua unasaidia. Ila ndugu zetu wa mashirika, mkituomba hadithi, pokeeni na ile tunayoibuni. Hiyo nayo ni habari yetu.

Dada amefungua daftari tena. Mtumbwi sasa una dereva, mama muuza sambaza asiyeogopa askari. Shida ni moja tu: utatua wapi? Kila jioni tunabishana, hatujakubaliana bado.