Adabu za Skripti

Skripti ni orodha ya amri ambazo mtu huziandika mara moja ili tarakilishi izitimize mara nyingi. Ni mtumishi hodari, hachoki wala hanung'uniki, lakini ana ila moja: haoni. Akiamshwa hajui yu katika nyumba ya nani. Yamkini ni nyumba ya Windows, au ya Linux, au ya Mac, na kila mfumo endeshi una desturi zake. Windows huandika njia ya kufikia faili kwa mkwaju ulioegemea kushoto, na wenzake kwa mkwaju ulioegemea kulia. Orodha ya mahali pa kutafutia programu, iitwayo PATH, Windows huitenga kwa nukta mkato, na wenzake kwa nukta pacha. Kwa macho ya binadamu tofauti hizi ni ndogo, lakini skripti hufa kwa nukta moja.

Mimi hufundisha katika chuo cha ualimu, na wanafunzi wangu huja na tarakilishi za kila namna, nyingi zikiwa za kurithi kwa kaka na shangazi. Baadhi yao waliandika, kwa lugha ya Python, skripti ya kukusanya alama za mazoezi ya kufundisha. Ilitenda kazi vyema kwa mwandishi wake, ikagoma kwa jirani yake wa dawati moja. "Mwalimu, mashine yake ni mbovu," wakaniambia. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Skripti ilikuwa imetaja folda ya mwandishi herufi kwa herufi, na kwa jirani folda hiyo haikuwako.

Dawa ya kwanza ni kuuliza jina la mwenyeji. Katika Linux na Mac iko amri iitwayo uname. Linux huijibu kwa jina lake, lakini Mac hujibu "Darwin", jina ambalo wenye Mac wengi hawajapata kulisikia. Windows nayo huhifadhi jibu "Windows_NT", lakabu ya mfumo uliotolewa mwaka 1993, na hata Windows 11 hujibu hivyo. Katika Python swali moja, platform.system(), hutosha kwa wote watatu.

Walakini swali hili mimi silipendi sana. Anayetaka maji hana haja ya kujua kabila la mwenye nyumba. Na aulize mtungi uko wapi. Skripti ikitaka folda ya mtumiaji, iulize folda hiyo hasa. Linux na Mac huiweka chini ya jina HOME, na Windows chini ya jina USERPROFILE. Majina ya namna hii, kila moja na thamani yake, ndiyo yaitwayo vigeu vya mazingira. Yalianza katika toleo la 7 la Unix, mwaka 1979. Kila programu hupewa nakala ya vigeu na programu iliyoizaa. Mtoto aweza kuibadili nakala yake apendavyo, na ya mzazi isiguswe. Ndiyo sababu kigeu kilichowekwa ndani ya skripti hutoweka pindi skripti imalizikapo, jambo ambalo kila mwaka huwashangaza wanafunzi wangu.

Hatari kubwa si kukosa kuuliza, bali ni kuuliza na kuletewa jibu tupu. Januari 2015 ilitangazwa habari ya skripti ya Steam, programu ya michezo, katika Linux. Skripti ile ilitafuta folda iliyomo, ikaweka jibu katika kigeu STEAMROOT, na baadaye ikaamuru kila kilicho chini ya folda hiyo kifutwe. Mtumiaji mmoja alikuwa ameihamisha folda yake. Jibu likawa tupu. Ukabaki mkwaju peke yake, na mkwaju peke yake katika Linux ni mzizi wa mashine nzima. Faili zake zote zikafutika, pamoja na zile za akiba katika diski iliyounganishwa kando. Juu ya mstari ule mwandishi wa skripti alikuwa ameacha neno moja la Kiingereza, maana yake "Inatisha!" Hatari aliiona, akaiandikia kibandiko, akaendelea na safari.

Wako wanaosema kwamba amri set -u ingaliiokoa mashine ile. Sivyo. Amri hiyo husimamisha skripti kigeu kisipokuwako kabisa. STEAMROOT kilikuwako, ila hakikuwa na kitu ndani. Kinachofaa hapo ni alama :? baada ya jina la kigeu, ambayo hukataa kisichokuwako na kilicho kitupu pia. Wanafunzi wangu, kwa kuwa wao hutumia Python, wameandika sharti lao wenyewe: folda ya alama isipotajwa, au ikitajwa bila kitu, skripti itoe maneno "Sijui alama ziko wapi" na isimame hapo hapo, kabla ya kufungua faili yoyote.