Swali la Kandara

Kwa mjukuu wangu unayeanza kazi,

Bildad Mwaganu Kaggia alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Dagoretti, pembeni mwa Nairobi, akafariki Machi 2005 akiwa ameshapita miaka 80. Katika maisha yake alikuwa karani, askari, kiongozi wa wafanyakazi, mfungwa, mbunge, waziri msaidizi, na mwishowe mzee mwenye kinu cha kusaga mahindi. Baadhi ya wenzake aliofungwa nao walitajirika baada ya uhuru. Yeye hakutajirika. Maisha yake yanamfaa kijana anayepokea mshahara wa kwanza, kwa sababu yanajibu swali ambalo kila mwenye kazi huulizwa na ndugu na majirani: umejifanyia nini?

Kaggia alisoma shule ya misheni ya Kahuhia, Murang'a, kisha akaajiriwa ukarani katika ofisi ya mkuu wa wilaya mjini Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa wakati huo. Ukarani ulikuwa kazi ya heshima kwa Mwafrika aliyesoma. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, aliingia jeshini. Zaidi ya Waafrika 90,000 kutoka Kenya walitumika katika vita hivyo. Wapo waliopigana Uhabeshi, wapo waliopelekwa Madagaska, na wapo waliofika misitu ya Burma. Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati, na baadaye akafika Uingereza.

Safari hizo ziliwafumbua macho askari wengi. Nyumbani, Mzungu alikuwa bwana shamba au mkubwa wa ofisi. Ng'ambo, askari Mwafrika alimwona Mzungu akifagia barabara, akibeba mizigo, akipanga foleni ya chakula. Alimwona pia akiogopa na akifa kama mtu mwingine yeyote. Waliporudi, askari hao walikuta kipande, kile cheti ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba, kinawangoja. Askari Wazungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu, lakini Mwafrika aliyevaa sare ileile hakutengewa hata robo ekari.

Kaggia hakurudi kutafuta cheo. Kwanza alianzisha kundi la dini lililojitenga na makanisa ya wamisionari, akiamini kwamba Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu bila kusimamiwa na mgeni. Halafu akaingia katika vyama vya wafanyakazi, akawa kiongozi wa makarani na wafanyakazi wa biashara mjini Nairobi. Mwaka 1951 yeye na Fred Kubai walishika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha siasa cha Kenya African Union (KAU), Kubai akiwa mwenyekiti na Kaggia katibu. Kazi ya katibu haina sifa nyingi. Ni kuandika barua, kuitisha mikutano, kutunza vitabu na kusikiliza malalamiko ya watu waliofukuzwa kazi au kufukuzwa nyumba. Huko ndiko alikojifunza shida za watu kwa majina yao.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, viongozi wa KAU walikamatwa. Sita kati yao walipelekwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Mji huo mdogo haukuwa na mahakama ya kutosha, kwa hiyo kesi ikasikilizwa katika darasa la shule. Tarehe 8 Aprili 1953, Jaji Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kaggia alitumikia kifungo hicho Lokitaung, katika jua la Turkana, kisha akawekewa mipaka asiweze kurudi kwao. Alikuja kuwa huru mwaka 1961.

Hapa pana jambo ambalo wasifu wa mashujaa huliruka haraka. Kifungo cha mwanamume mmoja hakimfungi yeye peke yake. Wakati wa hali ya hatari, zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wagikuyu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao na kubanwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mahandaki, na wengi wa waliobaki humo walikuwa wanawake na watoto. Wao ndio waliochimba mahandaki hayo, waliotafuta chakula saa chache walizoruhusiwa kutoka, na waliolea watoto wasiomwona baba. Mtu wa watu hana budi kulikumbuka hilo kila anapochukua msimamo. Mzigo wa msimamo hubebwa na nyumba nzima, na kijana mwenye busara humshirikisha mwenzake wa maisha tangu mwanzo, asije akamtwika bila kumuuliza.

Uhuru ulipokaribia, watu wa Kandara walimchagua Kaggia kuwa mbunge mwaka 1963, na serikali ikamfanya waziri msaidizi wa elimu. Suala lililomsumbua lilikuwa ardhi. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa kwa mikopo, na mwananchi aliyepewa kipande cha ardhi alitakiwa kuilipa mikopo hiyo. Kaggia alishikilia kwamba maskini hawezi kuuziwa tena ardhi ya babu zake, na kwamba waliopokonywa mashamba kwa sababu ya kupigania uhuru wanastahili kurudishiwa. Alipinga pia maskwota kufukuzwa katika mashamba. Aliambiwa achague kati ya wadhifa na maneno yake. Juni 1964 wadhifa ukamtoka, maneno yakabaki.

Aprili 1965, katika mkutano wa hadhara huko huko Kandara, mbele ya wapiga kura wake, Rais Kenyatta alimgeukia Kaggia na kumlinganisha na wenzao wa gerezani. Ngei amepanda kahawa, Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri, Karumba ana mabasi. Je, Kaggia amejifanyia nini? Swali hilo lilikusudiwa kumwaibisha. Katika muda wa dakika chache, kipimo cha mtu kilihamishwa hadharani kutoka kwenye utumishi kikawekwa kwenye mali, na tangu hapo vijana wengi wamepimwa kwa kipimo hicho.

Mwaka 1966 Kaggia alijiunga na KPU, chama cha upinzani kilichoongozwa na Oginga Odinga, akawa naibu wake. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo alipoteza kiti cha Kandara. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru, kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Mwaka 1969 aliondoka KPU akarudi KANU, chama tawala. Wapo waliomlaumu kwa kurudi, na lawama hiyo si ya kufichwa, kwa kuwa mzee wa kuigwa si malaika. Lakini hata baada ya kurudi, hakuonekana akikimbilia mashamba makubwa.

Uzeeni alijipatia riziki kwa kinu. Kazi ya kinu cha kijijini haina makuu. Mama hufika na debe la mahindi kichwani, yanapimwa, injini inawashwa, mkanda unaanza kuzunguka, na unga unamiminika mfukoni ukiwa bado na joto. Mwenye kinu hupokea shilingi chache, na jioni hurudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la unga. Mtu aliyewahi kukaa serikalini aliweza kuishi hivyo bila kuona haya, kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba serikali ilikuwa mlango wa kutajirikia.

Tangu katiba ya 2010, tarehe 20 Oktoba inaitwa Siku ya Mashujaa. Awali siku hiyo ilibeba jina la mtu mmoja, Kenyatta; sasa ni ya wote waliokamatwa, waliofungwa na waliobaki nyumbani kulea. Siku hiyo ikifika, kijana wa nyumba hii amtaje Kaggia mbele ya watoto. Na atakapoulizwa amejifanyia nini, asione haya kujibu kwa majina ya watu aliowasaidia. Mali hugawanywa baada ya matanga, lakini wema hauozi.

Wasalaam,
Babu yako